Mota au Bodi? Nini Hasa Kinachoua Droni Kilosa na Mikumi

Droni ikianguka Kilosa, hukumu hutoka kabla kesi haijasikilizwa. Mwenyewe anaiwasha, haiwaki. Au inawaka, mota tatu zinazunguka na ya nne inatetemeka tu. Anaipeleka kwa fundi simu, fundi anaigeuza upande huu na ule, kisha anasema, "Bodi imekufa hii, kaka." Basi. Droni inaingia kabatini, na mwenyewe anaanza kudunduliza fedha za nyingine.

Hukumu hiyo mara nyingi si sahihi, na hata ikiwa sahihi haitoshi. Kwenye droni ndogo, mota na bodi vimefungamana: mota mbovu huunguza bodi, na bodi mbovu huunguza mota. Kujua kilichoungua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ile inayookoa fedha, ni kujua kilichokiunguza. Anayebadilisha kilichoungua bila kutafuta chanzo atakiunguza na kipya siku ileile, halafu atasema spea za Kariakoo ni feki.

Wilaya ya Kilosa ina kila sababu ya kuwa na droni nyingi. Wapiga picha za harusi wanazo, wapima viwanja wanazo, na tangu treni za reli mpya ya SGR zianze kupita kwenda Dodoma mwaka 2024, mahandaki na madaraja ya reli katika milima ya Kilosa yamewapa wapiga video kazi mpya. Upande wa Ruembe kuna miwa ya kukaguliwa. Mto Mkondoa nao una historia yake. Ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010 na kuacha maelfu ya watu bila makazi, picha za juu zilikuwa kitu cha helikopta. Leo kijana mmoja mwenye droni ya gramu 249 angeweza kuonyesha maji yalipofika kwa asubuhi moja tu. Mifano ipo: Zanzibar ilianza kupiga picha visiwa vyake vyote kwa droni mwaka 2016, na mradi wa Ramani Huria ulizitumia Dar es Salaam kuchora maeneo yanayofurika.

Kisha kuna tembo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inapakana na mashamba ya watu. Mwaka 2017 Nathan Hahn na wenzake walichapisha utafiti kuhusu askari wa wanyamapori waliotumia droni za kawaida kuwafukuza tembo mashambani, kwenye maeneo yanayopakana na hifadhi kaskazini mwa Tanzania, na mbinu ikafanya kazi. Watafiti waliona huenda tembo anausikia mlio wa propela kama wa kundi la nyuki. Kwa mtu wa kijiji cha jirani na Mikumi, habari hiyo ni ya kutia moyo. Lakini kazi ya namna hiyo hufanyika usiku, chini chini, juu ya mahindi yaliyokomaa. Ukitaka kumfundisha mtu namna ya kuunguza mota, huwezi kupata darasa zuri zaidi.

Mota ya droni ya kisasa haina brashi. Katikati kuna kitovu kisichozunguka, chenye meno ya chuma yaliyosukwa waya wa shaba. Nje kuna kikombe chenye sumaku kali, nacho ndicho kinachozunguka kikiwa kimebeba propela. Zinatoka nyaya tatu tu. Bodi huzipa nyaya hizo umeme kwa zamu, ikiwasha na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na kazi hiyo hufanywa na transista aina ya MOSFET zenye upana wa milimita chache. Kila mota ina zake sita, kwa hiyo droni ya mota nne ina 24. Katika droni ndogo nyingi transista hizo zimewekwa kwenye bodi kuu ileile yenye ubongo wa kurukia, ndiyo maana zikiungua watu husema bodi yote imekwisha.

Mota inapozunguka huzalisha umeme wake yenyewe, unaosukuma kinyume na ule wa betri. Umeme huo wa kinyume ndio breki inayozuia mkondo wa betri usimiminike wote. Sasa propela inaswe kwenye mabua. Mota inasimama, umeme wa kinyume unatoweka, na kinachobaki kuuzuia mkondo ni waya wa shaba, ambao ukinzani wake haufiki omu moja. Rubani naye, kwa hofu, anaongeza mafuta ili droni ijinasue. Hapo transista inaungua kabla hajamaliza kusema "Mungu wangu". Droni za kampuni kubwa zina programu inayotambua kwamba mota imekwama na kukata umeme, lakini haiwahi kila mara, na droni za bei ya chini nyingi hazina kinga hiyo kabisa.

Transista ya aina hii ikifa, mara nyingi hufa kwa kuunganika: inageuka kipande cha waya. Mbili zinazolisha waya mmoja wa mota zikifa hivyo, chanya na hasi za betri zimekutana. Betri nyingi za kisasa zina saketi ya kujilinda, zikihisi shoti zinajizima. Ndiyo maana droni iliyokuwa ikiruka vizuri inaanguka kwenye mahindi na baada ya hapo haionyeshi hata taa. Fundi anaona mauti kamili, kumbe aliyekufa ni mmoja au wawili kati ya 24, na wengine wote wanasubiri shoti itolewe.

Kinyume chake nacho hutokea, na ni kigumu zaidi kukitambua. Transista isipokufa kabisa bali ikachoka, mota inakosa zamu moja kati ya tatu. Inajikongoja, inatetemeka, inapiga kelele ya kukwaruza, inapata joto, mwishowe vanishi ya waya inaungua na koili zinagusana. Mtu anainusa, anasikia harufu, anasema mota imeungua, na ni kweli imeungua. Anafunga mpya kwenye bodi ileile. Nayo inaungua. Pia joto likizidi, sumaku zenyewe hudhoofika. Zile za kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 hivi, na zikishapoteza hazirudishi. Mota ya namna hiyo bado inazunguka, tena kwa kasi, lakini haibebi. Inavuta umeme mwingi kwa kazi ndogo, na bodi ndiyo inayolipa.

Kwa mazingira ya Kilosa, adui wa kwanza ni ardhi yenyewe. Droni inayopaa kutoka kwenye udongo mtupu hujimwagia vumbi kwa propela zake. Vumbi la kawaida huingia kwenye beringi na kuzisaga polepole. Lililo baya zaidi ni mchanga wa mtoni. Chukua kipande cha sumaku ya spika mbovu, kiburure kwenye mchanga, kitatoka na ndevu nyeusi: hizo ni chembe za chuma. Sumaku ya mota huzinasa vilevile, na nafasi kati ya sumaku na meno ya kitovu ni nyembamba mno. Chembe zikishaingia zinakwaruza vanishi ya waya mpaka shaba inabaki wazi. Kuzipuliza kwa upepo wa kompresa ya kujazia matairi ni kuzisukuma ndani zaidi. Zinatolewa kwa gundi ya solotepu au kwa plastisini ya watoto wa shule, kwa subira, kikombe kikizungushwa kidogo kidogo. Bora kuliko vyote ni kupaa kutoka juu ya turubai, mkeka au boneti ya gari.

Ruembe ina shida yake. Miwa huchomwa majani kabla ya kuvunwa, na hakuna rubani anayeweza kuvumilia kutopiga video ya moto ule. Masizi yanashuka juu ya mota zilizo moto, yanashikamana na mafuta ya beringi, kisha umande wa usiku unayalowesha. Majivu yaliyolowa hula chuma na shaba. Droni iliyopiga video ya moto wa miwa ifutwe jioni hiyohiyo.

Maji ni habari nyingine kabisa, na hapa watu hupoteza droni ambazo zingepona. Maji peke yake hayaui bodi haraka. Kinachoiua ni maji pamoja na umeme wa betri. Vikikutana, shaba ya bodi huanza kuliwa na kugeuka kijani, na kila dakika ina hasara yake. Ukiitoa droni majini, toa betri kabla ya kufuta hata tope. Usiiwashe "kuangalia kama inafanya kazi". Usiifukie kwenye mchele, kwani mchele haufyonzi matope ya Mkondoa, na matope hayo hubaki chini ya vipande vya bodi yakisubiri unyevu. Fungua, suuza kwa maji safi ya betri za magari, yaani yale yasiyo na asidi, kisha piga mswaki laini kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya buluu ya madukani ina maji ndani yake, lakini ni afadhali kuliko kuacha tope. Kamera hairuhusiwi kuoshwa hivyo.

Tuje kwenye uchunguzi wenyewe. Propela zote nne zitolewe kwanza, na sisemi hivi kwa mazoea; mota inayojaribiwa mezani ikiwa na propela hukata kidole. Zungusha kila kikombe kwa ncha ya kidole na usikilize. Mota nzima huenda kwa vijigongo laini vinavyofanana, kila sumaku ikipita meno. Inayosaga ina mchanga au beringi mbovu. Inayogusa sehemu moja tu kila mzunguko ina shafti iliyopinda au kikombe kilichobonyea. Iliyo nzito kupita wenzake, bila kusaga, ina shoti, ama ndani yake au kwenye bodi.

Shoti hiyo iko wapi? Ng'oa nyaya tatu kwenye bodi, zitenganishe zisigusane, kisha zungusha tena. Ikiwa nyepesi, mota haina kosa, transista za upande wake ndizo zilizounganika na kuifunga breki. Ikibaki nzito, koili zake zimegusana kwa ndani. Sasa gusanisha nyaya mbili, zungusha, usikie ukinzani. Badilisha jozi, rudia. Jozi ya tatu vilevile. Ukinzani wa jozi zote tatu ulingane. Jozi isiyokaza ina waya uliokatika. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote, na kinashinda testa za bei ndogo, ambazo nyaya zake zenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko koili inayopimwa. Testa itumike kwa jambo moja hapa: kuangalia kama waya wowote kati ya mitatu unawasiliana na chuma cha mota. Usiwasiliane kabisa. Ukiwasiliana, kabla ya kulaumu koili tazama skrubu za kufungia mota kwenye mkono, kwa sababu fundi aliyetangulia akiweka skrubu ndefu kuliko ya awali, ncha yake hutoboa vanishi ya waya.

Droni zinazokunjwa zina ugonjwa wao, nao hupatikana kwenye bawaba. Nyaya za mota hupita pale mkono unapokunjika, na zikishakunjwa mara nyingi huvunjika ndani ya ganda bila dalili nje. Mota inafanya kazi mkono ukiwa hivi, inagoma ukiwa vile. Nimeona mota nzima ikitupwa kwa sababu ya sentimita mbili za waya. Kunja na kunjua mkono huku testa ikilia, utajua.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kuhamisha. Mota inayoshukiwa ifungwe kwenye nafasi ya mota nzima. Ugonjwa ukihama nayo, mota ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, ni bodi au waya. Ila usihamishe chochote kabla ya kujiridhisha kwamba hakuna shoti, la sivyo utaua na upande uliokuwa mzima. Weka testa kwenye alama ya dayodi, pima kutoka kila pointi ya mota hadi chanya na hadi hasi ya betri, ulinganishe pointi zote 12. Inayosoma sifuri, au inayotofautiana sana na ndugu zake, imejitaja.

Na kabla ya kuirudishia betri bodi iliyotengenezwa, tumia balbu. Balbu ya volti 12 ya taa ya pikipiki iunganishwe kwenye waya wa chanya, kati ya betri na bodi. Shoti ikiwepo, balbu inawaka kwa nguvu na kuubeba mzigo, bodi inasalimika. Isipokuwepo, balbu inamulika kidogo na kufifia. Hakuna kifaa cha bei rahisi zaidi kilichookoa bodi nyingi zaidi, na kila muuza spea za bodaboda Mikumi anacho.

Kuhusu kuitafuta shoti kwenye bodi yenyewe, fundi simu wa Kilosa hahitaji kufundishwa na mtu wa droni. Mbinu ni ileile ya simu: umeme wa volti moja hivi wenye mkondo uliodhibitiwa, bodi imepakwa spiriti, na panapokauka kwanza ndipo penye shoti. Mara nyingine si transista, ni kapasita ya kauri iliyopasuka kwa kishindo cha kuanguka. Anayo blowa ya hewa moto, ana mkono uliozoea risasi na flaksi. Kinachomkwamisha ni kudhani kwamba kitu kinachoruka lazima kiwe na sayansi tofauti.

Kuisuka mota upya sishauri. Mafundi wa kusuka mota za pampu na mashine za kusaga wapo na kazi yao ni nzuri, lakini waya wa mota ya droni ni mwembamba, nafasi ni finyu, na koili zisipolingana idadi ya mizunguko ya waya huleta mtetemo unaoharibu picha. Mota mpya haina bei ya kumtesa mtu hivyo. Na ikibidi kubadilisha, angalia upande inaozungukia. Mbili huenda kulia, mbili kushoto, na nyaya zake zifuate mpangilio wa ile ya zamani.

Yapo makosa ambayo si ya mota wala bodi. Droni inayopinduka papo hapo inapopaa karibu kila mara imefungwa propela mahali pasipo pake. Inayolegea ikifika juu inaweza kuwa na betri iliyochoka, hasa betri iliyovimba au iliyoachwa kwenye dashibodi juani. Inayozunguka kama imelewa karibu na nondo au reli ina dira iliyochanganyikiwa. Kabla ya bisibisi, soma ujumbe kwenye simu, maana programu nyingi hutaja mota iliyokwama kwa namba yake.

Palipo na ukuta wa kweli ni baada ya matengenezo. Baadhi ya watengenezaji wameunganisha bodi, kamera na sensa zake kwa programu, kiasi kwamba ukibadilisha bodi kuu, kamera inakataa kuitambua mpaka ifanyiwe usawazishaji kwa programu ambayo fundi wa Mikumi hapewi. Kwa hiyo kutengeneza bodi iliyopo, transista moja moja, mara nyingi kuna faida kuliko kununua bodi ya droni nyingine. Lakini bodi iliyolala majini na betri ndani, ikawa kijani hadi kwenye matundu yake, iache iwe spea. Itawaka leo na kuzima wiki ijayo.

Na hapo ndipo droni inapotofautiana na simu. Simu iliyotengenezwa vibaya inamuudhi mwenyewe. Droni ya mota nne haina mota ya akiba: moja ikisimama angani, inaanguka, na inaweza kumwangukia mtu. Iliyotoka kwa fundi ijaribiwe kwanza juu ya nyasi, kimo cha goti, dakika kadhaa, kisha ishushwe na mota zote nne ziguswe. Moja ikiwa na joto kuzidi wenzake, kazi haijaisha. Isipelekwe harusini. Pia isijaribiwe ndani ya hifadhi, hata kama barabara kuu ya Iringa inakatiza humo kwa takriban kilomita 50 na twiga wanaonekana dirishani. Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) haliruhusu droni bila kibali, na kanuni za mwaka 2018 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga zinamtaka mwenye droni awe na usajili na kibali popote nchini.

Ninalo ombi moja, na ni kwa chuo cha ufundi stadi cha VETA kilichopo Mikumi. Mota isiyo na brashi na safu ya transista inayoiendesha si mambo ya droni peke yake. Yamo kwenye bodaboda za umeme, kwenye pampu za sola zinazonyweshea bustani, kwenye feni za volti 12. Kozi fupi ya jioni, yenye mota chache zilizoungua, testa, balbu ya pikipiki na fundi simu wawili watatu wa mjini kama wakufunzi, inaweza kuanza bila kusubiri bajeti kubwa. Droni mbovu za kufundishia ziko makabatini Kilosa nzima, na wenye nazo wangezitoa bure.